Bi Tisini na Tano Anakabidhi Spana Namba Nane

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni, mtunza vipimo wa jiko letu la mkaa atavua aproni yake na kuitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa stoo. Atakuwa ameitumikia hoteli hii miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku nane. Hesabu hiyo si yangu. Ni ya afisa utumishi wetu, ambaye hakosei hata siku moja, na ambaye mtakutana naye tena huko mbele.

Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina lake kamili, lakini ukilitaja jina hilo getini, mlinzi atakuuliza unamtafuta nani. Humu ndani anaitwa Bi Tisini na Tano. Wapishi wapya hudhani ni namba ya kabati lake. Kuna mmoja aliambiwa kwamba huo ndio umri wake, akaamini kwa dakika kadhaa, akabaki ameduwaa akimtazama anavyobeba gunia la mkaa peke yake. Asili ya jina hilo nitaieleza, tena nitaieleza yote, kwa sababu mimi, msimamizi wa jiko, nimo ndani yake na sikutoka vizuri.

Kwa asiyewahi kufika uani kwetu, jiko la nje lina majiko sita makubwa ya mkaa yenye vifuniko vya chuma. Kila kifuniko kina kipimajoto kilichofungwa kwa nati: uso wa kioo mpana kama mdomo wa kikombe cha chai, namba kuanzia sifuri, mshale mmoja mwekundu, na kwa ndani kijiti cha chuma chenye urefu wa kidole. Kijiti hicho ndicho kinachohisi joto. Zaidi ya hivyo sita, kuna viwili vya mkononi vyenye vijiti virefu, vya kuchoma katikati ya nyama ili kujua kama imeiva mpaka ndani. Mpishi akishafunika jiko haoni tena kinachoendelea mle. Anachokiona ni mshale tu, na mshale ukimdanganya, naye atamdanganya mteja bila kukusudia.

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla mkaa haujawashwa, Bi Tisini na Tano huvifungua vipimajoto vyote kwa spana ndogo namba nane aliyopewa na mumewe, ambaye ni fundi baiskeli. Hufuta vijiti kwa kitambaa na maji ya moto yenye sabuni mpaka masizi na mafuta yote yatoke, maana kijiti kilichovaa mafuta huchelewa kuhisi joto, na mpishi mwenye haraka huongeza mkaa bure. Halafu huchemsha maji kwenye sufuria pana, hulaza waya juu ya mdomo wake, na kuvitundika vijiti ndani ya maji bila kugusa chini wala kando, kwa sababu chuma cha sufuria kina joto lake. Hapo husubiri dakika tatu. Katika dakika hizo haongei na mtu. Meneja mkuu aliwahi kufika kati ya dakika ya kwanza na ya pili, akasimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa mpaka ya tatu ilipokwisha.

Baada ya maji ya moto huja bilauri ya barafu. Mshale ukikosea kote kuwili kwa kiasi kilekile, hugeuza nati ya nyuma kidogo, hupima tena, hugeuza tena. Matokeo huyaandika kwenye daftari lenye jalada la kijani: tarehe, namba ya jiko, barafu imesema nini, moto umesema nini, nati imeguswa au haikuguswa. Daftari analotuachia ni la kumi na nne. Kipimo kinachosema kweli kwenye barafu na kukosea kwenye moto hahangaiki nacho. Hukiweka kwenye boksi la kadibodi lililo kwenye rafu ya juu stoo, alilolipa jina la Wastaafu. Mpaka sasa wamo kumi na saba. Wiki iliyopita mpishi wa supu alimuuliza kama na yeye akistaafu ataingia mle. Akajibiwa kwamba nafasi zipo, ila ya kwanza atapewa yeye, kwa sababu supu yake ya juzi ilionyesha dalili zote.

Adui yake mkubwa ni mtu anayebamiza kifuniko. Tuna mchoma kuku mmoja, pande la mtu, ambaye zamani alikuwa akifunga jiko namba nne kwa kishindo mpaka vijiko vinaruka mezani. Kipimo cha namba nne kilikuwa kinakosea kila wiki, na tukaliita jiko hilo Mkorofi. Bi Tisini na Tano hakumfokea. Alimkalisha kwenye kreti, akachukua mmoja wa Wastaafu, akamfungua, akamwonyesha utepe mwembamba wa chuma uliojikunja ndani, ule unaosukuma mshale, na jinsi ulivyopinda kwa kubamizwa. Tangu siku ile pande lile la mtu linafunga kifuniko kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Siku ya harusi ya binti wa Bi Tisini na Tano, iliyofanyika kwenye bustani yetu, mama wa bibi harusi alipotea wakati wa kupiga picha. Shangazi walimtafuta kila mahali. Alipatikana uani, amejifunga taulo la jikoni juu ya gauni lake la hariri, ameinua kifuniko cha Mkorofi, anamweleza mpishi kwamba kipimo cha kifunikoni kinasoma hewa ya juu wakati kuku wako chini kwenye wavu, kwa hiyo aangalie kote kuwili asije akawaaibisha mbele ya wakwe. Kwenye picha ya familia ana alama ya masizi shavu la kushoto. Mpiga picha alijitolea kuiondoa na binti akakataa katakata.

Hata hospitali hakuwaachia. Aliposhikwa na homa mwaka mmoja, alimuuliza muuguzi kwa adabu zote kama kipimo chake cha homa kimewahi kuonja barafu. Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kipimo kilikuwa sahihi, na homa ilikuwa ya kweli, na mgonjwa wetu alilazwa siku tatu. Mkaguzi wa afya wa mwaka juzi naye alikuja na kipimajoto chake mwenyewe kwenye mkoba wa ngozi, tayari kutukosoa. Bi Tisini na Tano aliomba akitumbukize kidogo kwenye bilauri yake. Kikasoma tatu mahali pa sifuri. Mkaguzi alikitazama, akamtazama yeye, kisha akaomba aazimwe spana.

Nikitafuta mafanikio ya kuyataja, hilo la mkaguzi ni dogo. Kubwa ni kwamba katika miaka ishirini na miwili ambayo amekuwa mtunza vipimo, hakuna sahani hata moja ya kuku iliyorudi jikoni kwa sababu ya kutoiva. Watu wamekula hapa na watoto wao, na wajukuu wao, wakarudi nyumbani wazima. Hawamjui na hawatamjua. Mimi namjua, na ninamshukuru kwa niaba yao.

Hapa ningeweza kumalizia, na mhariri wa jarida letu angefurahi, maana aliniomba ukurasa mmoja tu. Lakini ili niandike tarehe zake bila kukosea, Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda masjala kuomba jalada lake. Ni jembamba sana kwa mtu wa miaka thelathini na mmoja. Lina barua ya kuomba kazi, fomu za likizo, picha moja ya pasipoti yenye nywele nyingi, na barua moja ya onyo. Niliisoma ile barua nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye sahihi nilikaa, kwa sababu sahihi ilikuwa yangu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita yeye alikuwa muosha vyombo, na mimi nilikuwa ndio kwanza nimepandishwa kuwa msimamizi. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Hoteli ilinunua vipimajoto vipya vinane, sita vya vifuniko na viwili vya mkononi, na ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha maelekezo. Nilikisoma mpaka nikakijua kwa moyo, na ndiyo sababu mpaka leo mnaniita Mzee Kitabu. Kijitabu kilisema: tumbukiza kijiti kwenye maji yanayochemka, mshale usome mia, usiposoma mia, geuza nati. Nikachemsha maji. Vyote vinane vikasoma tisini na tano. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza inakuwaje vipimo vinane vipya vikosee kwa kiasi kilekile. Mimi sikujiuliza. Nilisema kiwanda kimetuuzia takataka, nikashika spana, nikavigeuza vyote mpaka mia, huku napiga mluzi.

Kwenye kifuniko, digrii tano si kitu kikubwa. Ndani ya nyama ni habari nyingine. Utaratibu wetu ni kumtoa kuku motoni akifika sabini na tano katikati. Vipimo vyangu vikawa vinasema sabini na tano, kumbe kuku yuko sabini. Wiki mbili hazikuisha, sahani zikaanza kurudi, nyama karibu na mfupa bado ina wekundu. Nikamlaumu muuza kuku. Nikamlaumu muuza mkaa na kumbadilisha. Nikawalaumu wachomaji, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakawa wananikwepa koridoni.

Muosha vyombo alikuwa akiniona kutoka kwenye sinki lake, hatua nne tu kutoka mezani kwangu. Siku moja nilimpa kipimo cha mkononi akioshe, na yeye alipomaliza akakitumbukiza kwenye bilauri ya barafu iliyoanza kuyeyuka. Kilitakiwa kisome sifuri. Kikasoma tano. Alikuja, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Samahani, mkuu. Hiki kimezidi tano. Barafu imekikamata." Nilimwambia arudi kwenye masufuria yake, na nilimwambia mbele ya watu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na wageni mia mbili. Asubuhi, kabla sijafika, alichukua spana na kuvirudisha vile vipimo viwili vya mkononi mpaka barafu iliposoma sifuri. Kuku walitoka wameiva mpaka ndani. Hakuna sahani iliyorudi, na pongezi nilizipokea mimi kwa mikono miwili. Jumatatu nilipovitia kwenye maji yanayochemka nikaona tisini na tano, nikauliza kwa sauti nani amegusa. Hakujificha. "Ni mimi, mkuu," akasema, na mikono yake bado ina povu la sabuni.

Siku hiyohiyo niliandika barua ya onyo: amechezea vifaa vya hoteli bila ruhusa, akirudia ataachishwa kazi. Nakala moja niliibandika kwenye ubao wa matangazo ili iwe funzo kwa wengine. Mwaka ule mumewe alikuwa amevunjika mkono na kibanda chake cha baiskeli kimefungwa, na kazi hii ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba nzima. Hilo sikulijua kwa sababu sikuuliza.

Ukweli uliletwa ndani ya mfuko wa plastiki. Siku nne baadaye aliweka mezani kwangu kitabu cha sayansi cha binti yake, aliyekuwa kidato cha pili, akakiacha wazi kwenye ukurasa uliowekewa uzi mwekundu, akarudi kwenye sinki. Ukurasa ule ulisema maji huchemka kwa digrii mia usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo yanavyochemka mapema. Mji wetu uko juu, kila anayepanda ngazi za posta analijua hilo kwa magoti yake. Pembeni, kwa penseli, binti alikuwa ameshapiga hesabu: kwetu, tisini na tano. Vile vipimo havikuwa na kosa hata moja. Mwenye kosa nilikuwa mimi na kijitabu changu.

Nilirudisha mishale yote mahali pake wakati wenzangu wamekwenda kula, jiko likiwa tupu. Mwezi uliofuata nikamteua kuwa mtunza vipimo, kazi ambayo haikuwepo kabla. Mkasema nina jicho la kutambua watu. Kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka mkurugenzi alinisifu kwa utaratibu mpya wa kupima, nikasimama, nikainamisha kichwa, nikakaa. Yeye alipiga makofi pamoja na ninyi wengine. Wapishi ndio waliombandika jina la Bi Tisini na Tano kwa utani, naye akalipokea kwa furaha. Mimi nilijiambia kwamba kumpa kazi ile ndiko kuomba radhi. Haikuwa kweli. Neno samahani halikuwahi kutoka mdomoni mwangu, na barua ile haikuwahi kutoka kwenye jalada lake. Naona haya kuyaandika haya, lakini acha niyaandike.

Sasa wote mnajua utaratibu wa hoteli hii. Mstaafu ambaye jalada lake halina onyo hupewa Cheti cha Utumishi Safi, na picha yake hutundikwa kwenye korido ya bwalo la wafanyakazi. Zipo picha kumi na moja tu. Bi Tisini na Tano huzifuta vioo kila Jumamosi akipita, bila kutumwa, kwa kuwa hawezi kuvumilia kioo chenye vumbi. Sijui ni mara ngapi amefuta nyuso za wenzake akijua kwamba uso wake hautakuwepo pale. Wazo hilo lilinikosesha raha masjala pale, nikafunga jalada na kwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi.

Nilimwomba aitoe barua ile tuichane yaishe. Afisa wetu ni kijana wa rika la mwanangu wa pili, na ana heshima, lakini hatetereki. "Mzee wangu, barua ni barua," akasema. "Siwezi kuchomoa karatasi kwenye jalada la mtu kwa sababu leo imekuchoma moyo." Hata hivyo alinipa fomu. Aliyeandika onyo anaweza kuomba lifutwe, na mwenye jalada akikubali kwa sahihi yake, karatasi inatolewa na kuharibiwa. Nilitoka pale na fomu yangu nikijiona nimeshamaliza kazi.

Nilimkuta uani Jumatano asubuhi, anapanga mkaa. Nilimweleza kila kitu, na samahani nikaisema, imechelewa miaka ishirini na miwili. Aliniacha nimalize. "Barua naijua, kaka," akasema. "Si niliisaini kuipokea?" Halafu akaisoma fomu yangu mpaka mwisho na kunirudishia bila sahihi. "Usiichane. Ukiichana, kesho atakuja mwingine na kitabu chake, ataweka mia, na hakutakuwa na mtu wa kumwambia kwamba sisi tulishapita hapo tukaumia. Iache. Andika ukweli, uubandike juu yake." Nilimwambia kwamba barua ikibaki, cheti hakuna na picha hakuna. Alichukua kipande kingine cha mkaa, akakipindua, akakiweka mahali pake. Alisema picha angeipenda, asinidanganye, ameshaichagua hata blauzi. Ila akilazimika kuchagua, basi ukweli ubaki.

Nimewahi kuwaona watu waungwana, lakini si kama yeye. Nilirudi kwa afisa utumishi, nikamweleza, naye akakuna kichwa na kufungua kanuni zake. Alizipekua kwa siku mbili. Ijumaa aliniita. Alikuwa amekipata kifungu kinachosema kwamba onyo lililotenguliwa kwa maandishi na mtu yuleyule aliyelitoa halihesabiki tena kuwa doa, hata kama karatasi yake inabaki jaladani. Sharti ni moja: utenguzi utangazwe mahali palepale onyo lilipotangazwa, au mahali panaposomwa na watu wengi zaidi. Akaniuliza, kwa adabu lakini akinitazama usoni, kama niko tayari wafanyakazi wote wasome. Nilimwambia kwamba kwa bahati nzuri nimeombwa niandike wasifu.

Basi huu ndio utenguzi wenyewe. Nakala moja ya ukurasa huu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwenye kona ileile. Nyingine itawekwa kwenye jalada lake, juu ya barua yangu, ili atakayefungua asome hii kwanza. Afisa utumishi ameshapigilia msumari wa kumi na mbili koridoni, tena baada ya kupima mahali pake kwa rula. Picha imepigwa jana. Amevaa ile blauzi, na mkononi ameshika spana, maana mpiga picha alimwomba aiweke chini na yeye akasema basi tusipige.

Jumatatu hii ya mwisho alitaka nipime mimi na yeye aangalie. Nilifungua vipimajoto vyote sita na vile viwili vya mkononi, nikavifuta, nikachemsha maji, nikavitundika kwenye waya. Wachomaji wote walikuja kusimama nyuma yetu wakijifanya wana shughuli. Vipimo saba vilisoma tisini na tano. Cha namba nne, Mkorofi, kikasoma tisini na mbili. Mkono wangu ukaenda kwenye spana wenyewe, kwa mazoea yale yale ya zamani. "Dakika tatu hazijaisha, kaka," akasema. Niliweka spana chini, nikasubiri. Mshale ukapanda polepole, tisini na tatu, tisini na nne, ukasimama ulipotakiwa kusimama. Nati haikuguswa. Kwenye daftari la kijani nimeandika jina langu kwenye mstari wa aliyepima, na yeye ameandika lake kwenye mstari wa aliyehakiki. Kuanzia Jumatatu ijayo kazi hiyo, pamoja na spana namba nane anayomkabidhi, ni ya yule mchoma kuku, pande la mtu, aliyeiomba mwenyewe kabla hatujamuuliza.

Dada yetu, wachomaji wanakushukuru kwa kuwafundisha bila kuwadhalilisha. Mpishi wa supu anakushukuru kwa kutomtia kwenye boksi mpaka leo. Mumeo, ambaye miaka yote hii amekusubiri getini saa kumi na baiskeli yake, tunamshukuru kwa spana na kwa uvumilivu wake. Binti yako, ambaye hakuendelea na fizikia na sasa ni fundi cherehani hodari huko mnakohamia, namshukuru mimi binafsi kwa ile hesabu ya penseli.

Umetuambia kwamba utachukua mmoja wa Wastaafu kumi na saba uende naye, mkaishi karibu na binti na wajukuu kule chini, usawa wa bahari. Nenda ukapumzike, ule na kunywa na wanao, na afya njema ikufuate mpaka uchoke nayo. Jiko lako la kwanza huko ukitaka kulipima, kumbuka maji ya kule huchemka kwa mia kamili, kama kijitabu changu kilivyosema. Lakini hapa kwetu ni tisini na tano. Wewe ulisema kweli, nami nikakuandikia onyo. Barua yangu ya siku ile ilikuwa na makosa, na leo naitengua mbele ya wote.

Nimeweka sahihi,
Msimamizi wa Jiko